Kwa nini Pakistan shairi moja linawakosesha wakubwa usingizi, sisi mashairi yetu yameishia harusini?

#1 mgosi_wa_chumbageni
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 23, mzaliwa wa Tanga, kwa sasa niko Sharjah kwenye ghala la vipuri vya magari. Chumbani tuko sita: mimi, Mganda mmoja na Wapakistani wanne. Mkubwa wao ni mzee wa Kipunjabi, wenzake humwita Chacha, na mimi nimefuata.

Mwezi uliopita Chacha alikuwa anasikiliza wimbo wa zamani kwenye simu. Mama mmoja anaimba, watu wanapiga makofi na kupayuka hadi sauti yake inazama. Sikuwa naelewa kitu, mpaka nikasikia neno moja: *lazim*. "Lazim hai ke hum bhi dekhenge." Nikamuuliza, hiyo lazim ndiyo lazima yetu? Akacheka, akasema ndiyo, "ni lazima na sisi tutaona". Basi nikaanza kuokota moja moja: zulm, taj, haq, arz. Dhuluma, taji, haki, ardhi. Ilikuwa kama kusikia Kiswahili kinaongewa nyumba ya pili, ukuta uko katikati.

Chacha akanipa kisa. Mtunzi ni Faiz Ahmed Faiz, alifungwa miaka ya 50, amefariki 1984. Aliyeimba ni Iqbal Bano. Jenerali Zia-ul-Haq, mtawala wa kijeshi, alikuwa amepiga marufuku mashairi ya Faiz na amewakataza wanawake kuvaa sari. Mama akapanda jukwaani Lahore mwaka 1985, kavaa sari nyeusi, mbele ya watu elfu hamsini uwanjani, akaimba. Alipofika pale pa mataji kurushwa na viti vya enzi kuangushwa, watu wakashindwa kujizuia. Kanda ikatoroshwa nje ya nchi.

Tangu siku ile sijatulia, nasoma siasa za Pakistan kila nikipanda basi. Swali langu: sisi tuna mizani, tuna vina, tuna malenga. Lakini mara ya mwisho ni lini umesikia umati unaghani shairi mbele ya polisi? La kwetu ni la harusini, mahafali, na kumkaribisha mgeni rasmi. Wenzetu wamefanyaje?

#2 Jogoo la Mjini
Mgosi, huyo Chacha ni Mpunjabi au Mkurya wa Tarime? 😂

#3 bint_Makorora
Chacha ni baba mdogo kwa Kiurdu wewe Jogoo. Usiharibu uzi mapema.

Mgosi, uzi mzuri. Ila mgeni rasmi umemwonea. Bila shairi la mgeni rasmi walimu wa Kiswahili wangekula wapi soda?

#4 Mzee wa Kaseti
Jibu ni fupi: si shairi, ni sauti. Nimeuza kanda Kariakoo kuanzia 1983 mpaka sidii zilipotufukuza mjini. Shairi likikaa kitabuni linasomwa na watu mia mbili. Mpe mtu mwenye koo, weka kwenye kaseti, dereva wa lori ataipeleka hadi Tunduma bila kulipwa.

Huyo Faiz mwenyewe alilijua hilo. Noor Jehan aliimba shairi lake moja la mapenzi, likamshika kila mtu. Inasimuliwa kwamba baadaye Faiz akiombwa alisome hujibu kuwa lile si lake tena, ni la Noor Jehan. Na Mehdi Hassan alipata jina kubwa kwa ghazal, yaani shairi la mapenzi la Kiurdu, ambayo Faiz aliitungia gerezani. Kwa hiyo mgosi unauliza habari za mashairi, na jibu lako liko kwenye muziki.

#5 Maskati Kaskazi
Salaam. Kisa cha Chacha ni kitamu, naona haya kukitia maji, lakini kina matundu.

Kwanza, haukuwa uwanja. Ulikuwa ukumbi wa Alhamra, Lahore, kwenye kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Faiz, 13 Februari. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi na sakafuni, hilo kweli, lakini elfu hamsini hawaingii ukumbini. Pili, mwaka. Wengi husema 1985. Wa familia ya Faiz husema 1986. Tatu, sari nyeusi. Rangi hiyo sina hakika nayo, na hata hiyo amri ya kukataza sari kwa wanawake wote mimi sijaiona. Kilichokuwapo ni watangazaji wa kike wa televisheni ya taifa kuamriwa kufunika kichwa. Mehtab Rashdi alikataa, akaacha kipindi chake.

Sasa angalieni jambo moja. Zia aliondoa utawala wa kijeshi rasmi 30 Desemba 1985. Kama tamasha ni Februari 1986, basi mama aliimba wiki sita baada ya hapo, si katikati ya giza kama tunavyosimuliwa. Zia alikuwa bado rais na bado mkuu wa majeshi, sisemi kulikuwa na uhuru. Lakini hewa ilikuwa imeanza kupita. Aprili 10 mwaka huohuo Benazir Bhutto, binti wa waziri mkuu aliyepinduliwa na Zia, akatua Lahore kutoka uhamishoni na mji ukafurika.

#6 mgosi_wa_chumbageni
@Maskati Kaskazi shukrani. Nimemsomea Chacha. Kasema huyo mtu wa Maskati hakuwapo. Nikamuuliza, wewe ulikuwapo? Kasema alikuwa na miaka tisa, yuko Sahiwal, lakini shemeji yake alikuwapo na sari aliiona.

#7 Jogoo la Mjini
Shemeji huwa yupo kila mahali historia inapotokea.

#8 Ustadh Nusu
Mimi nimeishia juzuu kumi na tano, ndiyo maana ya jina langu. Lakini kuna jambo hamjaligusa. Shairi lile kwenye kitabu halina jina la Kiurdu. Jina lake ni maneno ya Kiarabu kutoka Suratur-Rahman, aya ya 27: na itabaki dhati ya Mola wako. Faiz alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, amepewa Tuzo ya Amani ya Lenin mwaka 1962, na bado akachukua lugha ya Kiyama: milima kuwa kama sufi iliyochambuliwa, ardhi kutetemeka, masanamu kuondolewa Kaaba.

Zia alitawala kwa jina la dini. Sasa unampigaje marufuku mtu anayesema yatabaki ya Mungu tu? Ukimkamata, unakamata aya. Hapo ndipo penye ufundi. Na mle ndani kuna kauli ya Hallaj, "Ana'l-Haqq", mimi ndimi Haki, yule sufi aliyeuawa Baghdad mwaka 922. Masheikh wengi hawakulipenda neno hilo, lakini wasikilizaji wa kule wamelelewa na masufi, wanalijua tangu utotoni kwenye kawali, nyimbo za masufi.

#9 Maskati Kaskazi
@Ustadh Nusu, na lugha hiyohiyo imeleta balaa India. Desemba 2019 wanafunzi wa IIT Kanpur waliliimba shairi kwenye maandamano, mtu akalalamika kwamba mstari wa masanamu unawatukana Wahindu, chuo kikaunda kamati ya kuchunguza. Shairi lilelile: Pakistan mtunzi alionekana hana dini, India akaonekana amezidisha dini.

#10 Sipendi Siasa
Jina langu linajieleza, lakini nauliza: kwani alilitunga dhidi ya Zia? Nimesoma mahali ni la mapinduzi ya Iran.

#11 Maskati Kaskazi
Ni la mwanzoni mwa 1979. Wakati huo Shah anaondoka Tehran, na Zulfikar Ali Bhutto yuko selo anasubiri kunyongwa. Alinyongwa 4 Aprili. Kila mtu anavuta upande wake. Mtunzi hakuandika jina la mtu hata mmoja.

#12 Shaha wa Kuze
Hapo mwenzangu wa Maskati umegusa mshipa. Hakutaja jina. Mimi ni mtu wa Mombasa, mji wa kale, na hilo silo geni kwetu. Muyaka wa Muhaji alikuwa akiyapiga mafumbo wakati Mazrui, watawala wa Mombasa, wavutana na Sayyid Said wa Oman, karne ya kumi na tisa mwanzoni, na mashairi yale yalikuwa siasa tupu. Watu wayashika kwa moyo, watu wayajibu.

Na wewe kijana wasema letu limeishia harusini. Abdilatif Abdalla je? Alifungwa 1969 kwa karatasi yake "Kenya: Twendapi?", akatoka 1972. Mle ndani alitunga kwa kujificha, akiandika kwenye karatasi za chooni. Ndiyo *Sauti ya Dhiki* hiyo, iliyochapwa 1973. Mwaka uliofuata ikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga! Faiz naye alifungwa 1951 hadi 1955 kwa kesi ya Rawalpindi, ya kudaiwa njama ya kuipindua serikali, akatoka na *Zindan-Nama*. Zindan ni gereza. Hebu viweke vitabu viwili hivyo kando kwa kando kisha useme sisi hatuna.

#13 mgosi_wa_chumbageni
@Shaha wa Kuze, Mzee shikamoo. Sikusema hatuna, nimesema haliimbwi. *Sauti ya Dhiki* nimeisikia kwako leo. Chacha ni fundi wa matairi, hakumaliza sekondari, na anamjua Faiz kwa moyo.

#14 Shaha wa Kuze
Marahaba. Hapo umenikamata.

#15 Dada wa Leicester
Niongeze langu. Baba yangu ni Mpunjabi aliyezaliwa Nakuru, Kiswahili ndicho tulichogombania nyumbani. Hawezi kusoma hati ya Kiurdu vizuri lakini ana mashairi mamia kichwani, kwa sababu ya mushaira. Neno lenyewe ni shairi limevaa koti. Watu wanakaa mpaka alfajiri, mshairi anasoma mstari wa kwanza, ukumbi unaurudia, anasubiri, ndipo anatoa wa pili kama mtu anayefungua ngumi. Ukipendeza wanapiga kelele "mukarrar", yaani kariri! Anakariri. Ukisikia mstari mara tatu namna hiyo hautoki tena.

Halafu beti za ghazal zina mistari miwili miwili, kila ubeti unasimama peke yake. Unaweza kuung'oa mmoja ukaubeba mfukoni, ukautumia bungeni, kwa mama mkwe, kwenye lori. Wabunge wao wanarushiana beti kila siku. Shairi la Kiswahili linataka ulishike lote, beti saba, hoja inapanda polepole. Huwezi kulirusha kama jiwe.

#16 Ustadh Nusu
Kibwagizo je? Kibwagizo kinarushwa vizuri tu.

#17 Dada wa Leicester
Kweli. Nimekubali nusu, kama jina lako.

#18 Kibao Kata
Samahanini wapenzi wa fasihi, naleta maji ya baridi. Mnasema shairi linatikisa serikali. Lipi? Pakistan imepinduliwa na wanajeshi mara tatu, hakuna waziri mkuu hata mmoja aliyemaliza miaka mitano tangu nchi iundwe 1947, na mashairi yote hayo yapo. Zia hakuondolewa na shairi, aliondolewa na ndege iliyoanguka karibu na Bahawalpur 17 Agosti 1988.

Na huyo Faiz wenu: alikuwa luteni kanali katika jeshi la Mwingereza wakati wa vita vya pili na akapewa nishani ya MBE. Baadaye akafanya kazi kwenye utamaduni chini ya serikali ya Bhutto, serikali iliyopeleka jeshi Balochistan. Leo anafanyiwa tamasha Lahore, watoto wa wakubwa wanapiga picha. Mwaka 2019 binti mmoja, Arooj Aurangzeb, alighani shairi la mapinduzi kwenye tamasha hilo akiwa na jaketi la ngozi, video ikaenea, na nusu ya nchi ikajadili jaketi.

#19 bint_Makorora
@Kibao Kata, wanajeshi ni wanne: Ayub 1958, Yahya 1969, Zia 1977, Musharraf 1999.

#20 Kibao Kata
Yahya alikabidhiwa na Ayub, hakupindua. Hesabu yangu ni ya mapinduzi.

#21 bint_Makorora
Sawa, hesabu ni yako. Ila malizia habari ya jaketi. Wale wanafunzi 29 Novemba 2019 waliandamana miji mingi wakidai vyama vya wanafunzi virudishwe, vilivyofungwa na Zia tangu 1984. Kabla ya ile video wangapi walikuwa wanajua kwamba vimefungwa? Jaketi limesaidia.

Na mbona kila mtu Faiz, Faiz? Aliyekuwa anapigwa virungu ni Habib Jalib. Ayub Khan alipoleta katiba yake ya 1962, iliyompa rais kila kitu, Jalib alisimama na shairi linaloitwa *Dastoor*. Dastoor ni katiba kwao. Kwetu imekuwa desturi. Anasema katiba ya namna hii, asubuhi hii isiyo na nuru, siikubali, siitambui. Lugha nyepesi, mtu wa sokoni anaelewa. Bi Fatima Jinnah, dada wa mwasisi wa nchi, alipogombea dhidi ya Ayub, Jalib alikuwa naye kwenye mikutano ya kampeni. Na Zia alipoingia akamchezea jina: zia maana yake nuru, Jalib akauliza, giza niliiteje zia?

Tarehe 12 Februari 1983 wanawake wa Lahore waliandamana kupinga sheria ya kufanya ushahidi wa mwanamke uwe nusu. Jalib alikuwapo kusoma shairi, akapigwa pamoja nao. Siku hiyo ndiyo siku ya wanawake Pakistan hadi leo. Huyo hakuwa na MBE.

#22 Mzee wa Kaseti
Na Jalib vijana wa leo wamemjua kupitia bendi ya Laal, 2009 hapo. Narudi pale pale: koo na gitaa.

#23 Fundi AC Ajman
Mimi niko jirani na mgosi, Ajman. Chumba changu Wapashtuni watupu. Niliwauliza habari za Faiz wakanitazama kama nimeuliza habari za jirani wasiyempenda. Mmoja akasema huyo ni wa Lahore. Wimbo wao ni wa Kipashto, *Da Sanga Azadi Da*, huu ni uhuru gani? Ndio uliokuwa unapigwa kwenye mikutano ya PTM, vuguvugu la Manzoor Pashteen, tangu 2018 kijana wa Kipashtuni Naqeebullah Mehsud alipouawa na polisi Karachi. Wanaimba habari za vizuizi barabarani, mabomu ya ardhini na watu waliopotea. Serikali ililipiga marufuku vuguvugu hilo Oktoba 2024. Jamaa zangu wakiusikia hawapigi makofi, wananyamaza.

Kwa hiyo mkisema "shairi la Pakistan" mnasema la nani? Kiurdu ni lugha ya taifa lakini ya mama kwa wachache sana, chini ya mtu mmoja katika kumi.

#24 Maskati Kaskazi
Umesema kweli, na hilo ndilo lililoipasua nchi. Februari 21, 1952, wanafunzi walipigwa risasi Dhaka kwa kudai Kibangali, na 1971 Pakistan Mashariki ikawa Bangladesh. Faiz alikwenda Dhaka 1974, akarudi na shairi fupi la mtu aliyekutana na rafiki wa zamani na sasa ni wageni. Wengine wanasema ni zuri mno, wengine wanasema alichelewa.

Ila huo wimbo wa Kipashto unauliza alichouliza Faiz mwenyewe Agosti 1947, kwamba mapambazuko haya yenye madoa siyo yale tuliyoyangoja. Miaka sabini na ushei, swali moja, lugha mbili.

#25 Jogoo la Mjini
Nimekuja kutafuta utani nimekutana na mtihani wa historia. Mtu anipe wimbo wa kuchezeka basi.

#26 Mzee wa Kaseti
Nazia Hassan, *Disco Deewane*, 1981. Zia huyohuyo madarakani, na kanda ilitapakaa. Tuliiuza hata sisi, wateja wakidhani ni Mhindi.

#27 Fundi AC Ajman
Jogoo tafuta *Kana Yaari*, 2022. Kibalochi. Kaifi Khalil na Eva B, yule dada anarapu akiwa na nikabu. Wote wa Lyari, Karachi. Halafu utazame sura za watu wa Lyari, uniambie kama hujaona binamu yako.

#28 Shaha wa Kuze
Lyari! Hapo sasa twaja nyumbani. Mle mna Washeedi, watu ambao wazee wao walitoka mwambao huu wetu, wengi kwa utumwa. Wana ngoma yao waiita mugarman, na sherehe ya Manghopir penye mamba. Tanzeela Qambrani alipoingia bunge la jimbo la Sindh 2018 kwa PPP, chama cha akina Bhutto, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kisheedi, na asili ya wazee wake ilitajwa kuwa Tanzania.

Na wimbo wa PPP unaowainua watu kuliko hotuba zote ni wa Kibalochi, *Dila Teer Bija*, wa kutoka huko huko Lyari. Teer ni mshale, alama yao ya uchaguzi. Hata asiyejua Kibalochi ataruka.

Kwa hiyo mnaopekua vitabu vya Lahore, kumbukeni ngoma. Muulizeni mtu wa Lyari ni shairi au ni mdundo.

#29 Mzee wa Kaseti
Nimesema tangu #4.

#30 Kibao Kata
Na mmesahau mapya. Imran Khan mwaka 2014 alikaa na watu wake Islamabad siku 126, na nguzo ya mkutano ilikuwa DJ Butt. Anaongea sentensi tatu, wimbo unapigwa, watu wanacheza, anarudi. Attaullah Khan Esakhelvi akamwimbia kwamba Imran akija nchi itakuwa mpya. Alikuja madarakani 2018, akatolewa kwa kura ya kutokuwa na imani Aprili 2022, akafungwa 2023. Uchaguzi wa Februari 2024 chama chake kikanyimwa hata alama ya gongo la kriketi. Nyimbo hizo zilikuwa za kusifu, si za kuhoji. Hapo wametufikia sisi: kapteni Komba alikuwa na TOT yake zamani, kundi la nyimbo za CCM, na ilikuwa inachezeka vizuri kuliko DJ Butt.

#31 bint_Makorora
Hapo nakupa. Lakini swali la mgosi ni kuogopwa. Mei 2024 mshairi Ahmad Farhad, mtu wa Kashmir upande wa Pakistan, alichukuliwa nyumbani kwake Islamabad. Mkewe akaenda mahakama kuu. Wiki mbili baadaye ndipo serikali ikasema yuko mikononi mwa polisi wa Kashmir. Shairi lisingekuwa na nguvu, nani angejisumbua kumbeba mshairi usiku?

#32 Kibao Kata
Wanabeba na waandishi wa habari, na wanasheria, na wauza maduka. Kubebwa si ushahidi wa nguvu ya shairi.

#33 Dada wa Leicester
Faiz ana mstari kuhusu hili. Kwamba jambo ambalo halikutajwa popote katika kisa kizima, hilohilo ndilo lililowakera. Sibishani, nimeukumbuka tu. Na neno la kutajwa hapo ni *zikr*, dhikri yetu.

#34 Ustadh Nusu
Na mwaka 1955 akiwa gereza la Montgomery, huko ambako sasa ni Sahiwal, alitunga shairi la kuiita Afrika: njoo, Afrika. Anasema amesikia mdundo wa ngoma yako. Gereza la Punjab, na sisi huku tulikuwa bado chini ya Mwingereza, Mau Mau wako msituni. Ukisoma linakufanya uone haya kidogo, yeye alitusikia na sisi tumemjua leo kwa mgosi.

#35 mgosi_wa_chumbageni
Sahiwal ndiko kwa Chacha!! Nimemwambia. Amekaa kimya, halafu akasema lile gereza walikuwa wakipita nje wakienda shule. Shairi la Afrika hakuwahi kulisikia. Ameniomba nimtafutie.

#36 Sipendi Siasa
Sasa mgosi umepata jibu au?

#37 mgosi_wa_chumbageni
Nimepata majibu sita, yanagombana. Nimejaribu kitu kingine. Nilikuwa nataka ule mwanzo nimghanie Chacha kwa Kiswahili, kwa mizani nane nane. Msinicheke:

*Lazima na sisi siku, tutaiona kwa macho,*
*Ile iliyoahidiwa, kwenye ubao wa mwanzo.*

#38 Shaha wa Kuze
Mstari wa kwanza umekaa. Wa pili, "ile iliyoahidiwa" ni mizani tisa. Hesabu kwa vidole.

#39 bint_Makorora
Weka "iloahidiwa huko". Nane kamili.

#40 Shaha wa Kuze
Mizani sawa. Vina je? "Siku" na "huko" havilingani, "macho" na "mwanzo" vyalingana jicho moja tu. Faiz alikuwa na radifu, neno linalorudiwa mwisho wa mistari, wewe ulete vina au usilete kabisa.

#41 Mzee wa Kaseti
Muache aimbe kwanza, vina vitakuja.

#42 Shaha wa Kuze
Vina haviji vyenyewe. Na "ubao" silipendi. Kule ni *lauh*, na sisi tuna lauhi, kwa nini uazime ubao wa darasani?

#43 mgosi_wa_chumbageni
Mzee, "kwenye lauhi ya mwanzo" mizani ngapi? Naingia zamu saa kumi na moja alfajiri, nitahesabu kwenye basi.